Firigisi ya Baba Saumu

Hapo zamani, si zile za wanyama kusemezana bali hizi za karibu tu, wakati simu ilikuwa ni ya kuifuata posta, palikuwa na mtu wa Mombo aitwaye Mbaruku. Alikuwa na pikapu kuukuu ya bluu, na aliipenda kiasi kwamba majirani walimtania kuwa ana wake wawili, mmoja anakula wali, mwingine anakunywa petroli.

Siku moja binti yake Saumu alikuwa anaolewa Mlalo, juu milimani, nyumbani kwa shangazi yake. Ndoa ilipangwa kufungwa baada ya sala ya adhuhuri, na walii ni Mbaruku. Asipofika yeye, hakuna wa kuozesha, na upande wa bwana harusi walikwisha kusema wazi kwamba wamechoka kuahirishiwa. Basi asubuhi akaketi kwenye usukani, pembeni yake mkewe Mwanjaa na mama mkwe wake, Bi Nyange. Nyuma alipanda shemeji yake Hoza, mdogo wake Mwanjaa, akashikilia masufuria yasigongane.

Walipanda vizuri hadi wakapita Soni. Kwenye kona moja kali gari likakohoa, likakohoa tena, likazima. Mbaruku akavuta breki ya mkono, akapiga starta. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akapiga tena. Ikazunguka, ikazunguka, haikushika.

"Ni betri," alisema Mbaruku. "Shukeni tusukume."

Mwanjaa hakushuka. "Si betri. Betri ikifa haizungushi injini namna hiyo. Hii inazunguka kwa nguvu zake zote, ila haipati mafuta. Na mlima huu utausukuma wewe na nani, na mama?"

Mbaruku akaonyesha geji. Mshale umesimama nusu. "Mafuta yapo."

"Tangini yapo. Injini haiyapati. Endelea na starta yako, Baba Saumu, uimalize na hiyo betri."

Mbaruku akaiacha starta kwa shingo upande. Hoza akafungua boneti, akachomoa bomba la petroli pale linapoingia kwenye kabureta, akaomba starta ipigwe mara moja tu. Bomba likabaki kavu.

"Dada amesema kweli," alisema Hoza. "Petroli haifiki. Kuna uchafu umeziba njiani." Akalitia bomba mdomoni, akavuta. Hakikuja kitu. Akavuta hadi mashavu yakabonyea na macho yakamtoka. Hakikuja kitu.

Bi Nyange naye alikuwa ameshuka na kukata fito kando ya barabara. "Huo mshale mimi siuamini. Tangi hili limekauka. Nalifungua nilipime."

"Mama, nimelitia mafuta mwenyewe jana."

"Nimekusikia, baba. Shika mkoba wangu."

Mkwe habishiwi, basi Mbaruku akashika mkoba. Mfuniko wa tangi ulikuwa mgumu, na chini yake mlikuwa na nailoni iliyokunjwa ikazungushiwa mpira. Bi Nyange akaing'oa. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Papo hapo, kule mbele, Hoza aliyekuwa bado anavuta bomba akapaliwa. Mdomo wake ulikuwa umejaa petroli. Akatema, akatema tena, akasukutua kwa maji yote ya safari.

Mbaruku akaelewa yote akiwa amesimama palepale na mkoba wa mkwewe. Nailoni aliifunga yeye jana, petroli isimwagike milimani ikanuka. Kumbe tangi lisipoingiza hewa halitoi mafuta. Akaiokota nailoni, akaitia mfukoni. Bi Nyange akachovya fito, ikatoka imelowa hadi nusu.

"Kumbe yamo," alisema, wala hakuona haya.

Hoza akarudisha bomba, starta ikapigwa, gari likawaka. Walifika Mlalo watu wanatoka msikitini. Saumu akaozeshwa na baba yake, na Mbaruku akafuta machozi kwa kilemba akidhani hakuna anayemwona. Shehe alikuwa ameketi karibu na Hoza, na kila dua akisogea kidogo upande wa pili.

Baada ya pilau, mama wa bwana harusi akamletea Mbaruku kuku mzima wa kienyeji, firigisi imewekwa juu. Firigisi huliwa na baba. Mbaruku alikwisha kunyoosha mkono Mwanjaa alipokohoa.

"Baba Saumu, leo aile aliyekufikisha. Nilisema ni mafuta kabla boneti halijafunguliwa. Bila mimi ungekuwa Soni unasukuma, na betri imekufa."

"Ulisema umekaa, dada," alisema Hoza. "Mimi ndiye niliyevuta, na petroli ilikuja mdomoni mwangu, si mwa mtu mwingine. Pilau lenyewe sikulisikia ladha. Nipeni firigisi nijue kama ulimi bado ninao."

"Ilikuja nilipofungua," alisema Bi Nyange. "Kabla ya hapo ulikuwa unanyonya mpira."

"Lakini mama, wewe ulikuwa unatafuta tangi kavu," alisema Mwanjaa. "Ulikosea."

"Nilikosea, gari likawaka. Ninyi mlipatia, gari likasimama."

Mbaruku akaona ajitetee kabla hajaulizwa nani aliziba tangi. "Na ile nailoni niliifunga kwa sababu Mwanjaa alilalamika baibui lake linanuka petroli."

Afadhali angenyamaza. Bi Nyange akamgeukia binti yake. "Kumbe tulisimamishwa na baibui?"

"Nilisema linanuka," alijibu Mwanjaa. "Sikumwambia alinyonge tangi."

Wote watatu wakamkazia macho Mbaruku. Akachukua kisu. Firigisi yenyewe ndogo. Ukiikata vipande vitatu, kila mmoja atapata cha kunasa kwenye jino. Akimpa mke, mkwe ataona amedharauliwa. Akimpa mkwe, Hoza ataona mama kalipwa kwa kukosea. Akimpa Hoza, atarudi Mombo na mwanamke aliyenuna, njia nzima ya kuteremka.

Nanyi mnaomcheka, hebu kishikeni hicho kisu. Aliyejua asiinuke, aliyeteseka akiamini ni uchafu, na aliyefungua kwa kukosea: je, nani alistahili firigisi?