Barafu ya Ghati

Vitu vyema havikai juu ya kitanda vikimsubiri mvivu. Vingine vimesukumwa mvunguni, kwenye vumbi na buibui, na anayevitaka hana budi kupinda mgongo. Asiyeamini na asikilize habari za Ghati, binti wa Wankyo, mchuuzi wa dagaa pale Mwigobero, Musoma.

Ghati alikulia katika miaka ya foleni, sabuni ilipokuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kila siku alimsaidia mama yake kuanika na kuchambua dagaa mwaloni, pale ufukweni mwa ziwa mitumbwi inapoegesha. Alipothubutu kunyoosha mgongo, Wankyo alimfokea, "Wewe Ghati! Dagaa wanachambuliwaga kwa kuinama. Ukisimama hivyo, mchanga utauonea wapi?" Basi aliinama mpaka shavu likakaribia ardhi, akawatazama dagaa kutoka ubavuni. Jua lilipowapiga kutoka upande, kila punje ya mchanga ilimetameta.

Shuleni hakushikika. Alisoma hadi chuo kikuu, kisha akapata ufadhili wa kwenda Ulaya. Alipokuja kuaga, biashara huria ilikuwa imeshaingia. Mitumba ilijaa sokoni, na malori yalibeba sangara waliofunikwa barafu.

"Unaenda kusomea nini, mwanangu?" Wankyo aliuliza.

"Barafu, mama."

Wankyo alishika kiuno. "Barafu? Si hii Hamduni anatuuziaga hapa kwa ndoo? Mungu wangu! Nimekusomesha kwa dagaa, halafu unaenda Ulaya kusomea barafu!"

Wachuuzi waliangua kicheko, na Hamduni mwenyewe akacheka kuliko wote. Ghati aliona haya, lakini akajieleza. Kwenye ncha za dunia theluji huanguka mwaka hadi mwaka, mpya ikiilalia ya zamani, mpaka yote ikashikamana kuwa barafu nene kama mlima. Wataalamu huitoboa na kutoa nguzo ndefu, na ndani yake hukuta hewa, vumbi na majivu ya kale. Hivyo hujua ni lini dunia ilipata joto na ni lini ilipata baridi.

"Haya, nenda," mama yake alisema huku akifuta machozi. "Ila usinirudie na ndoo tupu."

Ulaya hakukuwa lelemama. Nguzo nzima nzima za barafu walikuwa wameshagawana waliotangulia. Ghati alipoomba yake, profesa alimpeleka kwenye chumba cha baridi kali, akamwonyesha masanduku yaliyosukumwa chini ya rafu. Yalikuwa na vipande vilivyopasuka wakati wa kutoboa, na hakuna aliyeweza kutambua ni vya miaka gani.

"Ukivipatia tarehe, utakwenda na msafara ujao barafuni," profesa alisema. "Usipoweza, ufadhili wako utakoma."

Masikini Ghati! Alivipanga mezani, akasimama na kuvikodolea macho miezi na miezi. Aliona weupe mtupu. Taa za darini zilimulika kila kitu na hazikumwonyesha chochote. Siku za msafara zilikaribia, naye akaanza kuwaza atawaambia nini watu wa Mwigobero. Alilia, na machozi yakamgandia kopeni.

Hapo ndipo alipoikumbuka ile sauti ya kufoka. Ukisimama hivyo, mchanga utauonea wapi? Ghati alichukua tochi na kipande kimoja, akatambaa chini ya rafu palipokuwa na giza. Alilaza shavu karibu na sakafu, akaimulika barafu kutoka ubavuni. Lo! Mstari mwembamba wa kijivu ukajitokeza katikati ya weupe.

"Mchanga!" alipiga kelele kwa Kiswahili, akainuka ghafla na kujigonga kichwa kwenye rafu.

Haukuwa mchanga, yalikuwa majivu ya volkano. Alivimulika vipande vyote akiwa amelala kifudifudi, kimoja baada ya kingine, akaunganisha mistari yao. Majivu yalipopimwa, yalilingana na yale yaliyokuwa kwenye nguzo moja nzima, ambayo miaka yake ilishajulikana. Profesa hakuamini mpaka naye alipotambaa chini ya rafu na kitambi chake, akatoka akitweta na kucheka.

"Funga mizigo," alisema.

Miezi ikapita. Siku moja Wankyo alipokea picha iliyopigwa barafuni. Aliizungusha sokoni kwa majivuno, wachuuzi wakagombania kuiona. Hamduni aliigeuza huku na huku, asielewe.

"Mama Ghati, mbona msomi wetu amelala kifudifudi? Ameanguka?"

"Aanguke wapi!" Wankyo alimnyang'anya picha, uso umemjaa furaha. "Anachambua mchanga huyo. Nilimfundishaga mwenyewe, hapa hapa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!"