Zimwi Lililomeza Mayatima

Natamba ngano, mwenye masikio asikie, asiye na haya aipate leo.

Zimwi lilikuwa likishuka kijijini kila mavuno, likamkamata yatima na kuuliza, "Huyu ana mwenyewe?" Wakubwa waliinamisha vichwa, maana yatima akimezwa, ami zake hulitwaa shamba la marehemu baba yake. Mwaka wa kwanza zimwi likameza. Wa pili likameza. Wa tatu likamkamata Charo, mdogo kuliko wote.

"Huyu ana mwenyewe?"

Ndipo yatima mmoja, Kadzo, akasimama kwa hasira. "Anaye! Ni ndugu yangu!"

"Kaa chini!" ami yake akafoka. "Nani kakupa ruhusa ya kusema?"

"Sikuiomba!"

Mayatima wote wakainuka, wakapaza sauti: "Ni wetu! Ni wetu! Ni wetu!" Tumbo la zimwi, lisiloweza kumhifadhi aliye na mwenyewe, likapasuka, na waliomezwa wakatoka wazima.

Wakubwa wakakimbilia kuwakumbatia. "Wanetu!"

"Tupisheni!" akasema Kadzo. "Leo ndiyo mnatujua?"

Akaokota jembe, akatangulia, wenzake wakamfuata hadi kwenye mashamba ya baba zao. Hakuna ami aliyethubutu kuwazuia.

Ngano imeishia hapo, shambani; iliyemchoma na aungue.