Siku Nungunungu Alipozirua

Paukwa!

"Pakawa!"

Sauti gani hizo? Hamjala? Paukwa!

"PAKAWA!"

Haya. Zamani hizo, hata bibi yangu hajazaliwa, alikuwepo Nungunungu na binti yake Siwema. Siku ya harusi ya Siwema, Nungunungu akawekewa kigoda. Mjomba wa Siwema akakikalia. Weee! Miba yote ikamsimama Nungunungu.

"Nimezira!" akasema. "Sili, sikai, simshiki mtu mkono!" Huyoo, mpaka juu kilimani, akaketi peke yake.

"Kwa kigoda tu, bibi?"

Kwa kigoda tu! Na wewe jana si ulizira kwa kipande cha muhogo? Nyamaza.

Sasa sikilizeni. Kwao, binti haendi kwa mume mpaka baba amshike mkono na kumkabidhi. Na wakwe walitoka ng'ambo ya mto. Jua likizama hawavuki. Baba asiposhuka, harusi hakuna.

Akapanda Pelele, yule pimbi wa mawe. "Mzee, shuka, tunakusubiri."

"Nimezira!"

Pelele akarudi. Nungunungu akabaki anatazama moshi wa jikoni. Hasira zilishamtoka kitambo, wanangu. Lakini atashukaje? Watasema njaa imemrudisha!

Akapanda Kanga na sinia la viazi vya nazi. "Mzee, onja japo kidogo."

Tumbo likasema, ngruuu! Mdomo ukasema, "Nimezira!"

Kanga akaondoka na sinia lake. Nungunungu akalisindikiza kwa macho, machozi yanamlengalenga.

"Masikini!"

Masikini wapi, kajitakia! Jua likainama. Wakwe wakaanza kufunga mizigo. Ndipo akapanda Siwema mwenyewe, hina haijakauka.

"Baba, mlango ukifungwa?" Mjibieni nyie!

"Unafunguliwa!"

"Nguo ikikunjwa?"

"Inakunjuliwa!"

"Mtego ukitegwa?"

"Unateguliwa!"

"Na mtu akinuna, bibi, ananunua!"

Toka hapa! Hiyo ya dukani.

"Na mtu akizira, baba?" Neno la kujibu halikuwepo duniani.

"Anazirua," akasema Siwema.

"Mbona sijalisikia?"

"Nimelitunga sasa hivi, nikipanda mlima."

"Nani kakuruhusu kutunga maneno?"

"Kwani aliyetunga kuzira aliruhusiwa na nani?"

Nungunungu akajikuna. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na anayezirua, watu humcheka?"

"Hakuna aliyewahi kuzirua, baba. Wewe ndiye wa kwanza. Watakuchekea nini?"

Aaah! Nungunungu akainuka, kifua mbele. Akashuka mpaka katikati ya uwanja, akapaza sauti, "Jamani, nimezirua!"

Watu wakatazamana. Kanga akauliza, "Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo hivi." Akamkumbatia shemeji yake, akaketi chini mkekani, akala viazi. Kisha akamshika Siwema mkono, analia waziwazi, akamkabidhi. Vigelegele! Hakuna aliyecheka.

"Uliliuliuli!"

Ngojeni kwanza. Nyuma ya nyumba alikuwepo shangazi mkubwa. Yule alizira tangu Siwema akiwa mchanga, hata sababu keshaisahau. Vigelegele vilipotulia, akachungulia penye kona.

"Samahanini," akasema. "Hilo neno, na mie naweza kulitumia?"

Wakasogea wote, wakampa nafasi mkekani.

Basi wanangu, kuzira hakuhitaji kufundishwa. Mwenzako akizira, mtafutie njia ya kurudi bila aibu. Na kama hakuna neno, tunga. Ngano yangu nimeitua hapo hapo, anayeitaka na aibebe.