Ukuta Katikati ya Ndiva

“Mkikosana, msigawe ndiva.” Mmelisikia neno hilo leo kikaoni, na mnataka kujua lilianzaje. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa.

Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo sisi Wapare hujenga mlimani. Maji ya kijito hujaa humo usiku. Asubuhi tundu huzibuliwa, nayo hushuka kwa mfereji hadi shambani.

Senkondo na mdogo wake Kiondo walirithi ndiva moja. Mbuzi wa Kiondo wakala maharage ya Senkondo, maneno yakazidi, ndugu wakakosana hata salamu ikakoma. Hawakuishia hapo. Walijenga ukuta katikati ya ndiva, kila mmoja akatoboa tundu lake na kuchimba mfereji wake. Mahindi yalikuwa yameanza kuchanua. Yakikosa maji wakati huo hayashiki punje, na nyumba zote mbili zilitegemea mahindi hayo.

Asubuhi Kiondo alizibua tundu lake. Maji yalitoka kwa unyonge, yakanywewa na udongo, yakaishia njiani. Ya Senkondo nayo hayakufika.

Mama yao, Nakiete, alikuwa akipalilia karibu. Wote wawili wakamwendea.

“Mama, mwambie mwanao ananiibia maji,” alisema Senkondo.

“Mwambie mwenyewe. Amesimama hapo, na masikio anayo.”

“Mama, mwambie kaka aje auone mfereji wangu,” Kiondo akadakia. “Hata chura hanawi uso humo.”

“Hakuna mwizi hapa,” alisema Nakiete. “Maji mengi hushuka kwa nguvu, yakafika kabla udongo haujayamaliza. Ninyi mmeyagawa, sasa yanatosha kulowesha mfereji tu. Bomoeni ukuta. Leo achukue yote mmoja, kesho mwenzake.”

“Yaani nimsamehe?” aliuliza Senkondo.

“Nani kakwambia umsamehe? Mimi nimesema ukuta.”

Waliubomoa siku hiyohiyo, kila mmoja akianzia upande wake, bila kusemezana. Mahindi ya wote wawili yalishika punje. Kuhusu salamu, wengine husema ilirudi baada ya mavuno, wengine husema haikurudi kamwe. Mimi sina ushahidi. Lililo hakika ni kwamba watoto wa nyumba zote mbili walikula mwaka ule.

Kukosana kupo, wala hakuna aliyewakataza. Ila mkikosana, msigawe ndiva.