Doti ya Aliyeniambia

Sogeeni, wakubwa na wadogo, niwape kitu kinachonikera mpaka leo.

Ukivijua vijembe utamwelewa Raya. Kijembe ni kile kiwembe kidogo cha mwumikaji, cha kuchanjia ngozi damu itoke. Wanawake wakaliazima jina: ukimsema mtu bila kumtaja, umempiga kijembe. Na desturi ni moja: anayegeuka kuuliza, "Unanisema mimi?" amejitaja mwenyewe.

Raya alisuka mikeka barazani kwake na majirani watatu. Zuwena alijaliwa sauti, Biubwa ulimi, Bimkubwa masikio yasiyopitwa na habari.

Jumatatu Zuwena aliimba juu ya seremala anayechonga kitanda cha bwana mwenye kitanda chake tayari. Raya alicheka na wenzake. Kisha akakumbuka kwamba mumewe, Khatibu, siku hizi hakauki kwa seremala.

Kesho yake Biubwa alimkaripia kuku aliyepita: "Jirani unampa kinu, na jogoo pia umpe?" Mtaa mzima ulijua Raya humwazima kinu Salha, mjane wa nyumba ya pili. Ukili wa mkeka ulimponyoka mkononi.

Bimkubwa alingoja mpaka Jumatano. Akaiambia chai yake kwamba Ijumaa mtaani kutapikwa wali mwingi, ila kuna nyumba moja hautaliwa.

Basi Raya akajua yote: kitanda, mtu, siku. Afanye nini? Akiwauliza, watamshangaa: kwani wewe una nini? Akimkabili Khatibu, atamwuliza nani kakwambia, naye hana jina la kutaja. Aliumia, akaendelea kusuka. Ijumaa ndoa ya Khatibu na Salha ikafungwa, naye akavisikia vigelegele akiwa jikoni kwake.

Jumamosi Khatibu alimletea doti ya kanga, kumpoza mke mkubwa. Raya akaiweka juu ya mkeka mbele ya wenzake.

"Siivai," alisema. "Nampa aliyeniambia."

Zuwena hakuchelewa. "Ni mimi. Bila kile kitanda ungeanzia wapi kushtuka?"

"Kitanda hakina jina," alisema Biubwa. "Mimi ndiye niliyekuonyesha mtu."

Bimkubwa alisema yeye alimpa siku, na siku ndiyo iliyomwachia nafasi ya kuzuia.

Raya aliwatazama mmoja mmoja. "Kumbe mlikuwa mnaniambia mimi."

Ile nafasi aliyopewa hakuweza kuitumia, maana hakuna aliyemwambia waziwazi, na sasa kila mmoja anadai ujira wake. Lakini ni kweli vilevile: hakuna mwingine mtaani aliyemwambia hata nusu neno, na ukimtoa mmoja kati ya hawa watatu, asingejua yote.

Doti ina vipande viwili, wao ni watatu, na mkono wa Raya bado uko juu ya kanga. Je, ninyi mngeamua vipi? Nijibuni waziwazi, kwa jina: ampe nani?