Aliye Kaburini Hasimami Mpakani

"Aliye kaburini hasimami mpakani." Hayo ndiyo maneno mliyotupiwa jana kwenye baraza la chifu, mkarudi nyumbani midomo wazi. Righa, wewe ndiwe uliyesimama kifua mbele ukasema hakuna wa kutuondoa hapa kwa sababu babu yako amezikwa hapa. Mzee Kilimo akakujibu kwa methali hiyo, watu wakacheka, ukakaa. Dada yako Wakesho ananiambia ulitamani ardhi ipasuke uingie. Haya, aibu si kitu kibaya ikikufanya uulize. Sogezeni hilo sinia la mbaazi, mikono isikae bure, nami nyanya yenu nitawaeleza. Methali hiyo haikutoka vitabuni. Ilitoka nyumbani kwetu, nami nilikuwapo.

Mimi sikuzaliwa hapa, mnajua. Nilizaliwa Mlilonyi, ng'ambo ya kilima hiki. Baba yangu aliitwa Mwandoe na mama yangu Wughanga. Shamba letu lilikuwa na sehemu mbili. Juu palikuwa na nyumba na mawe, mawe ambayo hata mbuzi waliyachoka. Chini palikuwa na bonde lenye chemchemi na udongo mweusi, na mahindi yalistawi huko hata mvua ilipokataa. Kwa hiyo tulilala juu na kula chini. Upande wa pili wa bonde alikaa jirani yetu Mlamba, na kati yake na baba palikuwa na mstari wa mawe uliopangwa na babu zao. Karatasi? Hakuna aliyekuwa na karatasi. Shamba lilijulikana kwa mdomo: huku kwa Mwandoe, kule kwa Mlamba, basi.

Mwaka ule chifu alipiga baraza akatangaza kwamba serikali inapima mashamba, ili kila mtu apate hati yake. Wapimaji wangefika Mlilonyi siku ya Jumatano. Kila mwenye shamba asimame mpakani pake na jirani yake, waonyeshe, vigingi vipigwe, jina liingie daftarini. Watu walifurahi sana. Baba yangu alirudi nyumbani akachukua panga lake akaanza kufyeka kando ya yale mawe ili mpaka uonekane vizuri. Alifyeka Alhamisi, akafyeka Ijumaa. Jumamosi alisema kifua kinambana. Jumapili alfajiri alikuwa amekufa.

Sitaki kuwaambia nililiaje. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nyinyi mna masikio, jazeni wenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la watu wenye adabu. Mlilonyi tulikuwa na mila mbili. Ya kwanza: mwenye shamba akifa huzikwa pembeni mwa shamba lake, mpakani, ili alilinde. Ya pili: nyumba yenye msiba haishiki jembe wala haikanyagi shamba kwa siku saba. Mjane hutulia ndani na kaniki yake, nguo nyeusi ya msiba. Hata kaburi lenyewe jamaa hawalichimbi. Huchimba jirani, na jirani wa mpaka ndiye hupiga jembe la kwanza. Ilikuwa heshima kubwa, maana yake, "Nakulilia ingawa si damu yangu."

Basi Mlamba akapiga jembe la kwanza. Alichimba mpaka shati likalowa, akamwaga machozi mbele ya watu, na mama yangu akiwa ndani alimwombea baraka. Baba akazikwa bondeni, karibu na chemchemi, hatua tano upande wetu wa yale mawe. Nilizihesabu kwa macho nikiwa nimesimama juu kwenye kijia.

Jumanne mama alimwita kaka mkubwa wa baba, mzee Mwakio, ambaye shamba lake lilikuwa juu kidogo ya letu. Alimwambia, "Shemeji, kesho wapimaji wanakuja. Nani atasimama mpakani petu?"

"Mwandoe yuko pale," akasema Mwakio.

"Mwandoe amekufa, shemeji."

"Ndiyo. Na ni nani atakayevuka kaburi? Wewe umewahi kuona mtu akihamisha mpaka juu ya maiti? Kaburi lile ni kigingi kuliko vigingi vyao vyote. Tulia ndani. Ukitoka na kaniki yako kabla ya siku saba, watu watasema wewe ndiwe uliyemmaliza mume wako."

 Nilimwona mama akiutazama mlango kwa muda mrefu. Alijua, mwenzenu, moyo wake ulimwambia, lakini neno lile la mwisho lilimfunga miguu. Mwanamke akishaitwa mchawi kwenye kilima, hata maji ya kuchota hapati. Akatulia.

Jumatano wapimaji wakaja na mnyororo wao wa kupimia. Tuliwasikia tukiwa ndani, mama na mimi na wadogo zangu wawili, sauti zao zikipanda kutoka bondeni. Zilitua kidogo, nyundo ikagonga, zikaendelea. Mama alihesabu nyundo. Alisema, "Wanagonga mbali na mawe." Halafu akajikemea mwenyewe, "Ah, ni mwangwi tu huo."

Siku ya nane tulitoka. Mama alishuka bondeni mbio, nami nyuma yake. Vigingi havikuwa kwenye mstari wa mawe. Vilikuwa huku, upande wetu, mwisho kabisa, pale mawe ya nyumbani yanapoanzia. Bonde lote, chemchemi, mahindi ya kiunoni na kaburi la baba yangu, vyote vilikuwa upande wa Mlamba. Na yale mawe ya babu zao? Hayakuwapo. Mlamba alikuwa ameyakusanya akayarundika mahali pamoja, nadhifu kabisa, kama mtu anayetaka kujenga zizi.

Mama hakupiga kelele. Aliinama akashika kigingi kimoja kwa mikono miwili, akakiachia, akaenda kukaa kando ya kaburi. 

Sheria ilitoa siku sitini za kulalamika. Mama alilalamika siku ya kwanza. Kesi ikasikizwa na kamati ya mashamba, wazee saba wa pale pale, pamoja na ofisa mmoja kutoka mbali aliyekuwa na daftari kubwa. Ofisa huyo hakuwa mtu mbaya, nitasema kweli. Alikuwa amechoka, na alikuwa na vilima vingine kumi vya kupima.

Mlamba alizungumza kwanza, kwa upole. "Mwandoe alikuwa rafiki yangu. Alikuwa akilima bondeni kwa ruhusa yangu, na baba yangu alimruhusu baba yake. Alipokufa nikasema, hawezi kuzikwa kwenye mawe kule juu, nikampa nafasi kwangu. Ofisa, waulize wazee hawa: ardhi ya kaburi lile ilipigwa jembe la kwanza na nani?"

Ofisa akawageukia wazee. "Nani alipiga?"

"Mlamba," wakasema.

"Na hao wenye msiba, yupo aliyeshika jembe?"

"Hapana. Hawakushika."

Mnaona? Hawakusema uongo. Waliulizwa nusu wakajibu nusu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia yule mgeni kwamba kwetu jirani huchimba kwa sababu shamba SI lake. Mlamba alikuwa na ng'ombe wengi, na wazee wetu walipenda maziwa.

Mama akasimama. Alikuwa bado na kaniki. "Bwana ofisa, mpaka ulikuwa wa mawe, na mawe yameondolewa. Lakini shahidi wangu yuko. Mume wangu yuko pale pale bondeni. Yeye ndiye mpaka wangu."

"Mama," akasema ofisa, "Jumatano ile wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nilikuwa na msiba. Jamaa ya marehemu haikanyagi shamba siku saba. Muulize shemeji yangu, mzee Mwakio, yuko hapo kwenye kamati. Yeye ndiye aliyenikataza."

Mwakio aliangalia fimbo yake.

Ofisa akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa. Kisha akasema polepole, bila ubaya, "Mwakio. Shamba namba arobaini na mbili. Alisimama mpakani mwenyewe, Jumatano, akatia kidole gumba. Mama, kama jamaa haikanyagi shamba, huyu kaka yake alikanyagaje?"

 Mama alimgeukia Mwakio. "Shemeji. Ulikwenda?"

Mwakio alijibu akiwa ameinamia fimbo yake. "Msiba ulikuwa nyumbani kwako, Wughanga. Mimi nina nyumba yangu."

Loo! Damu moja, tumbo moja, maiti haijapoa, naye ana nyumba yake! Mimi mtoto mdogo nilitaka kumrukia nimng'ate. Mama hata hakumtukana. Alimrudia ofisa akasema mara nyingine, sasa kwa sauti ndogo, kama anayemwombea mtoto, "Lakini mume wangu yuko pale."

Ofisa akafunga daftari. "Mama, pole sana. Aliye kaburini hasimami mpakani. Mimi naandika aliyesimama."

Hivyo ndivyo neno lile lilivyosemwa mara ya kwanza. Halikuwa methali bado. Lilikuwa hukumu.

Tukabaki na nyumba na mawe. Na kwa kuwa mawe hayaliwi, mama alikwenda kuomba kibarua cha kulima bondeni. Ndiyo, kwa Mlamba. Usinikodolee macho, Righa, ungetaka tule heshima? Alilima shamba lake mwenyewe kwa jembe la mtu mwingine. Kila alipofika kwenye kaburi alilizunguka akaling'olea magugu kwanza, na Mlamba akamwambia asipoteze wakati. Msimu wa pili mahindi yalipandwa hadi ukingoni mwa kaburi. Wa tatu, mawe yaliyolitia kaburi alama yalichukuliwa kujenga zizi. Mimi nilipoolewa, kile kituta kilikuwa kimesawazika.

Lakini mama alifanya jambo moja. Wapimaji walipokuwa wakielekea kilima hiki, alisikia kwamba kuna mjane mbichi huku, amefungiwa ndani vilevile na wakwe vilevile. Aliamka asubuhi akavuka kwa miguu, mwanamke asiyejulikana na mtu, akaingia hadi kwenye mkeka wa msiba. Wazee walimfokea. Alimshika yule mjane mkono akamwambia, "Dada, wamekwambia kaburi litakulindia? Mimi pia niliambiwa. Aliye kaburini hasimami mpakani. Inuka!" Mjane akainuka na kaniki yake. Akasimama mpakani kutwa nzima, watu wakimzomea na kumtemea mate, mpaka vigingi vikagongwa pale pale palipostahili, na jina lake likaandikwa. Tangu hapo wanawake wa vilima hivi wakawa wanaambiana maneno hayo kisimani, na ndivyo hukumu ilivyogeuka methali.

Mjane huyo alikuwa Mkawasi. Ndiyo, mama yake babu yenu, mkwe wangu. Alinichukua mimi kuwa mke wa mwanawe kwa ajili ya mkono ule wa mama yangu. Na shamba alilolisimamia ndilo hili mlilokalia mkinimenyea mbaazi.

Mama yangu alikufa akiwa bado anasema azikwe karibu na Mwandoe. Tulikwenda kumwomba mtoto wa Mlamba. Akasema shamba ni lake, ana hati, na asingependa makaburi. Tukamzika kwenye mawe, na kuchimba kulichukua siku mbili. Leo mkiniuliza baba yangu amelala wapi, nitawapeleka niwaonyeshe mahindi ya watu. Nitasema, ni hapa, au pale, au pale. Sijui. Ninaumia hadi leo, na msinipe pole, haisaidii.

Sasa Wakesho, wewe mwenye kusoma. Ingia ndani, chini ya godoro langu kuna bahasha ya kaki. Ilete. Fungua. Nisomee jina lililoandikwa kwenye hati hiyo.

"Ni la babu, nyanya."

La babu yenu. Alibadilisha kutoka kwa mama yake, akaiweka hapo, mwaka wa tisa huu tangu tumzike. Jina langu limo?

"Halimo."

La baba yenu?

"Halimo."

Na wale vijana wa kampuni inayotaka mashamba yetu, waliokuja wiki jana na mashine za kupimia kule chini barabarani, waliomfanya chifu aite baraza, wamesema watarudi lini?

"Jumatatu, nyanya."

Kila mwaka nasema nitakwenda ofisi ya ardhi, na kila mwaka kuna mbaazi, kuna goti, kuna mvua. Mimi, binti Wughanga! Mimi niliyeshuka lile bonde nyuma ya mama yangu! Nami nimekaa miaka tisa nikilitazama kaburi la babu yenu pale kwenye migomba, nikijiambia, yupo, analinda.

Wacheni hizo mbaazi. Righa, nitafutie viatu vyangu na cheti cha kifo cha babu yako, kimo kwenye sanduku la bati. Wakesho, mpigie baba yako simu umwambie aache kazi aje leo, twende ofisi ya ardhi kabla ya Jumatatu. Akiuliza kuna nini, mwambie nyanya amesema aliye kaburini hasimami mpakani. Ataelewa. Nanyi sasa mmeelewa.