Ethi ya Nyumba ya Milembe

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali za juzijuzi tu, umeme ulipokuwa bado mgeni wa kupigiwa vigelegele, kwenye kilima kimoja cha mawe huko Usukumani aliishi mjane aitwaye Milembe. Hakujaliwa mtoto. Mumewe alimwachia vyumba viwili, friji, na upweke. Akipika, anapika kidogo. Akicheka, anacheka na redio.

Mjini, waya wa ethi huja pamoja na umeme kutoka transfoma, nyumba zote zikashikamana. Kilimani umeme ulifika, lakini waya huo haukufika. Kila nyumba ilijichimbia ethi yake, ili umeme ukivuja upate pa kushukia, usimshukie mtu.

Basi akaja fundi Nkwabi, mtu asiye na kwao, anayelala popote palipo na kazi. Alipigilia ardhini nondo ya shaba, ndiyo ethi yenyewe, ikagoma kwenye mwamba. Akahama, akapigilia, ikagoma. Akahama tena, mpaka ikazama yote. Fundi mvivu angeikata nusu akafukia, nani angejua?

"Mama," akasema, "kiangazi pamwagie maji hapa. Ardhi kavu haipokei umeme."

Alipoondoka, Milembe aliuona uwanja umekuwa mkubwa mno.

Kisha akaja Maduhu kutoka mjini, mtoto wa shemeji yake, mwanamume aliyefiwa na mke. Alileta swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Akaifunga, akaaga kabla chai haijachemka. "Nitarudi, mama mkubwa." Hakurudi.

Kiangazi kikaingia. Milembe alimwagia nondo maji, halafu akaacha. Moyo ulikuwa mzito. Kuna siku hata uso hakunawa. Lakini jirani yake Limi, aliyefukuzwa na mume na sasa analala jikoni kwa kaka yake, alikuwa akija kumwaga maji ya kufulia palepale. Pale ndipo sauti ya Milembe iliposikika kutoka dirishani, akiongea peke yake. Limi alisikiliza, akajiona naye ana mtu. Kubisha hodi aliona haya.

Asubuhi moja Milembe, miguu peku, alinyoosha mkono afungue friji. Hajaigusa, swichi ikalia tap! Friji kimya, redio kimya. Nkwabi akaitwa, akaifungua friji, akashika kichwa: panya wametafuna waya, umeme umeingia kwenye bati la friji. Ukashukia nondo, ukapokelewa na ardhi yenye maji, swichi ikauhisi, ikakata.

Milembe alilia sana. Kisha akaapa mbele ya majirani: "Aliyeniokoa, huyo mmoja, atahamia chumba kile cha pili. Tutapika pamoja, tutakula pamoja, na nikifa atanizika."

Habari zikafika mjini. Safari hii Maduhu akaja.

Nkwabi akasema, "Mama, nondo niliizamisha mimi, na maji nilikwambia mimi. Umeme ungekosa njia, ungepita kwako. Bila mimi, leo tungekuwa matangani."

Maduhu akasema, "Mama mkubwa, nondo inaonyesha njia tu, haikati kitu. Kilichokata ni swichi yangu. Nilikuwa mbali, ni kweli, lakini bila mimi, leo tungekuwa matangani."

Limi akasema kwa sauti ndogo, "Nondo ilikuwepo, swichi ilikuwepo, na ardhi ingekuwa kavu. Bila mimi, mama, leo tungekuwa matangani."

"Wewe ulimwaga povu lako tu!" Nkwabi akamdakia. "Ulijua nini cha ethi?"

"Sikujua kitu," Limi akajibu. "Nilikuja kumsikia. Na wewe ulifanya kazi uliyoitiwa. Na huyu hata chai hakungoja."

Na yote yalikuwa kweli.

Milembe akawatazama mmoja mmoja. Alitamani wote wakae. Alichoogopa ni kuwaona wawili wakishuka kilima na kumwachia migongo. Lakini kiapo kilitaja mmoja, na chumba kina kitanda kimoja.

Haya, ninyi mlionisikiliza mkiwa mmekaa na watu wenu: kati ya aliyeitafuta ardhi, aliyeleta swichi na aliyemwaga maji bila kujua, je, nani astahili kukaa na Milembe?